Kamera Mpya, Lenzi ya Zamani

Juma hili mazungumzo yetu yanaanzia kwenye ugomvi wa harusi, huko Ujiji. Mpiga picha mmoja wa makamo, aliyeanza kazi enzi za filamu, alinunua kamera ya dijitali ya mtumba. Lenzi hakununua; alifunga ile ile ya milimita 35 aliyoitumia miaka yote. Sebuleni kwa bibi harusi akasimama mgongo ukutani, mita nne kutoka kwa jamaa waliojipanga. Hawakuenea. Akawaomba wabanane; wakabanana, bado. Akapiga hivyo hivyo. Shangazi wawili waliokuja kwa boti kutoka Kalya wakakosekana pichani, na malipo yaliyobaki yakazuiwa.

Yeye alidhani ameuziwa kamera mbovu. Sivyo. Tatizo ni kile kidude kinachopokea mwanga badala ya filamu, yaani kihisio. Fremu ya filamu ya kawaida tuliyoizoea ina upana wa milimita 36. Kihisio cha kamera nyingi za bei nafuu kina milimita 24 hivi. Ni kama kutazama ziwa dirishani: ukiziba sehemu ya dirisha, ziwa halijasogea, ila mitumbwi ya pembeni huioni tena.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya upana wa fremu kwa namba ya lenzi, kisha zidisha kwa umbali. Kwa filamu, sebule ile ingempa upana wa mita 4.1. Kihisio kilimpa 2.7. Hapo ndipo shangazi walipopotelea.

Wauzaji husema lenzi ya 35 “inageuka” kuwa 50 na ushei. Haigeuki chochote, picha ndiyo inayokatwa kingo. Wazee wa studio wenye filamu pana, fremu ya milimita 56, walifunga lenzi ya 80 kupata karibu upana ule ule wa 50 kwenye filamu ya kawaida, na sikumbuki wakidai lenzi imegeuka.

Utasema: si arudi nyuma tu? Palipo na nafasi, sawa. Meli ya Liemba, yenye urefu wa mita zipatazo 71, huenea kwenye filamu kwa lenzi ya 50 ukiwa kwenye boti umbali wa mita 100. Kwa kihisio kidogo, mita 150. Lakini kwa mbali huko, vilima vya nyuma huonekana vikubwa zaidi mbele ya meli. Si picha ile ile.

Msituni Gombe hasara hiyo hugeuka faida. Lenzi ya 200 humleta sokwe mtu karibu kama ya 300 kwenye filamu.

Kwa hiyo, ukinunua, uliza kwanza upana wa kihisio. Vyenye milimita 36 vipo tangu 2002, ila mfuko ujiandae. Jamaa yetu ameazima lenzi ya 24. Shangazi mmoja bado hajarudi Kalya. Huyo atapigwa Ijumaa, tena uani.