Dawa ya kuku na tumbo la mtoto: gharama isiyoandikwa kwenye daftari

MTOTO mwenye afya njema, anayekula na kucheza, anaweza kubeba bakteria sugu tumboni bila mzazi kujua. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa watoto 603 walio chini ya miaka 2, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwakuta bakteria hao kwa takriban asilimia 12 ya watoto wasioumwa. Bakteria hao huzishinda dawa kama seftriaksoni, sindano inayotegemewa hospitalini maambukizi yanapoingia kwenye damu.

Mfugaji linamhusu nini? Wengi wanaponunua vifaranga hununua na pakiti ya oksitetrasaikilini, wakaichanganya kwenye maji hata kama hakuna kuku anayeumwa. Kwao ni bima: pakiti moja ni nafuu kuliko kupoteza banda zima. Hesabu hiyo haijakamilika. Dawa ya kila mara huua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaliana, na vinasaba vya usugu dhidi ya dawa tofauti huweza kuhama pamoja kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kinyesi kikishaingia kwenye maranda, hufika bustani ya mchicha na uani anakotambaa mtoto.

Si haki kumlaumu mfugaji peke yake. Dawa za binadamu zinazonunuliwa bila cheti cha daktari zina mchango mkubwa, na hospitali pia. Lakini banda ni lako.

Tena, fedha nyingi hapo hutupwa bure. Mdondo, unaofagia kuku vijijini, ni ugonjwa wa virusi. Hakuna antibiotiki inayoutibu. Kinga yake ni chanjo, kama ile ya I-2 ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Wafugaji wa kuku wa nyama wa Denmark waliacha antibiotiki za kukuzia mwaka 1998 na uzalishaji wao haukuanguka. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku dawa hizo Januari 1, 2006.

Mbolea ya kuku irundikwe na kuachwa ioze vizuri, mbali na watoto, kabla ya kupelekwa bustanini. Kuku wakiumwa kweli, mwite afisa mifugo, maliza dozi, na usiuze mayai hadi siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Mayai ya siku hizo yasiliwe nyumbani pia, ingawa najua ndiko mengi yanakoishia.