Jembe Lisiwe Kiboko

Wahenga walinena kuwa mgagaa na upwa hali wali mkavu. Kwetu bara, upwa ni kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na kitoweo ni sukuma wiki. Jina lenyewe lajieleza: mboga ya kuisukuma wiki hadi mshahara ufike. Ajabu ni kwamba mboga hii inayotulisha, katika shule nyingi imefanywa adhabu.

Nauliza: mwanafunzi aliyechelewa anapotumwa kupalilia bustani huku wenzake wakisoma, anajifunza nini? Anajifunza kuwa jembe ni la wakosaji. Kesho yake mwalimu yuyo huyo atamwambia kuwa kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wetu. Atasadikiwa vipi?

Mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka wa 1985 ulisifiwa kwa kuwafunza watoto kilimo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2017, nao wadai mwanafunzi atende. Mitaala imebadilika, jembe likabaki kiboko.

Kumbe bustani ni darasa kamili! Mimi nina miche 30 ya sukuma wiki nyumbani, nami naijua kazi yake. Mbegu husiwa kitaluni, na baada ya majuma 4 hadi 6 miche hupandikizwa, ikiachana kwa sentimita 60 hivi, katika udongo uliotiwa samadi iliyooza vyema. Hapo pana hisabati. Majani ya chini huchumwa kwanza na kilele huachwa, nao mmea ukaendelea kuzaa kwa miezi mingi. Baadaye pahali pale hupandwa maharagwe, kwa kuwa sukuma wiki na kabeji ni jamaa moja na huambukizana uozo mweusi. Hapo pana sayansi. Asiye na ardhi na ajaze gunia udongo, kama wafanyavyo wakazi wa Kibera. Isitoshe, baadhi ya mboga za mijini hunyweshwa maji taka. Ajipandiaye huyajua maji yake.

Walimu wenzangu, kila darasa lipewe tuta lake, liweke daftari la gharama na mavuno, na mboga ziliwe na waliozipanda. Mkosaji atafutiwe adhabu nyingine. Nanyi wanafunzi, mkipewa tuta hilo, litunzeni: siku moja litawalisha nyinyi na wana wenu.