Kumpokea Anayejitolea ni Kupokea Amana

Taasisi inayompokea mtu wa kujitolea kwa muda wote hupokea vitu viwili kwa mpigo: nguvu kazi isiyolipwa mshahara, na dhamana ya maisha ya mtu huyo kwa miezi yote atakayokuwa kazini. Anayejitolea kwa saa chache za mwisho wa wiki hurudi kwake jioni, akala chakula chake na kulala kitandani kwake. Wa muda wote hana shamba la kurudia wala kibarua cha pembeni. Kula, kulala na kutibiwa kwake hutegemea mapatano yake na waliompokea. Kanuni za kumpokea zimetokana na tofauti hiyo.

Kiabakari, mji mdogo wa Wilaya ya Butiama mkoani Mara, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Upo kando ya barabara kuu ya Musoma hadi Mwanza, inapochepuka njia ya kwenda Butiama alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. Una kituo cha hija cha Huruma ya Mungu cha Kanisa Katoliki, una shule, na una machimbo ya dhahabu yaliyojulikana tangu enzi za ukoloni. Katika wilaya hiyohiyo ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Rwamkoma, Kikosi 822. Katika eneo la namna hii, kijana wa JKT, mhitimu wa chuo anayefundisha akisubiri ajira, na mgeni kutoka ng'ambo wanaweza kukutana katika gulio moja, kila mmoja akiitwa mtu wa kujitolea. Mbele ya sheria, watatu hao hawako sawa.

Chimbuko la kujitolea kwa muda wote

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwanzoni vijana walijiunga kwa hiari. Mwaka 1966 Serikali ilipotaka wasomi nao walitumikie taifa kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ujumbe wake ulikuwa wazi: anayedai wengine wajitolee aanze kutoa yeye.

Miaka minane baadaye mkoa wa Mara wenyewe ukawa jukwaa la uamuzi mwingine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati huo, ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Pamoja na kuhimiza elimu ya msingi kwa wote, azimio hilo lilibadili njia ya kuingia chuo kikuu. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza apite JKT, kisha afanye kazi kwa takriban miaka miwili, na mwajiri wake atoe maoni juu ya mwenendo wake. Neno la aliyempokea kijana kazini likawa na uzito wa kumfungulia au kumfungia mlango wa elimu ya juu. Masharti hayo yalilegezwa baada ya miaka michache, lakini fundisho lake halijapitwa na wakati: anayepokea kijana anashika sehemu ya kesho yake.

Utaratibu wa JKT wa lazima ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Leo JKT ina makundi mawili. Wa mujibu wa sheria ni wahitimu wa kidato cha sita, ambao katika miaka ya karibuni wamekaa kambini miezi mitatu. Wa kujitolea hukaa miaka miwili.

Sheria inavyowatenganisha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema waziwazi kwamba, isipokuwa kwa vifungu vichache, haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi (JWTZ), Polisi, Magereza na JKT. Kijana wa Rwamkoma, basi, yuko chini ya sheria na amri za jeshi lake. Taasisi ya kiraia inayofanya shughuli na vijana wa JKT haiwi mwajiri wao. Mazungumzo yake ni na kambi.

Mhitimu anayejitolea shuleni, zahanati au ofisini yuko mahali pengine kabisa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa ikiwa hata moja tu ya hali kadhaa ipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi, anamtegemea kiuchumi anayemfanyia kazi, anapewa vifaa, au kwa miezi mitatu iliyopita amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi. Anayejitolea kwa muda wote hupita kiwango hicho cha saa ndani ya wiki moja au mbili. Taasisi isiyo na maandishi ya kuonyesha kwamba mapatano yalikuwa ya kujitolea inaweza kujikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikidaiwa haki zote za mfanyakazi. Hata maandishi hayatamwokoa aliyemtumikisha mtu kama mwajiriwa na kumwita wa kujitolea ili asimlipe.

Mgeni asiye raia anahitaji vibali viwili: cha kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni, na cha ukaazi kutoka Uhamiaji, ambacho kwa wanaojitolea huwa cha daraja C. Visa ya matembezi haimpi ruhusa ya kufundisha darasani wala kuhudumia wagonjwa, hata kama halipwi senti. Jukumu la kufuatilia vibali hivyo ni la taasisi inayomwalika, na linapaswa kutimizwa kabla hajapanda ndege.

Kabla hajafika

Kanuni ya kwanza ni kuwa na kazi ya kweli. Taasisi iandike kijana atafanya nini, wapi, kwa muda gani na chini ya nani. Shule inayoomba mwalimu wa kujitolea wa hisabati isije ikamkabidhi funguo za stoo na daftari la michango.

Kanuni ya pili ni kutomwondoa mtu kwenye riziki yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 iliyoanzisha mpango wa kujitolea wa AmeriCorps inakataza mtu wa kujitolea kuchukua nafasi ya mfanyakazi aliyepo. Kanuni hiyo inafaa kufuatwa kwa hiari hata pale isipolazimishwa. Mpishi au mlinzi wa Kiabakari anayepunguzwa kazini kwa sababu amepatikana wa bure anaikosesha familia yake chakula, na kijiji hakipati nguvu mpya yoyote.

Kanuni ya tatu ni ukweli kuhusu ahadi. Matangazo ya JKT ya kuwaita vijana wa kujitolea husema wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haiwatafutii vijana ajira. Hutoa mafunzo ya kuwawezesha kujiajiri. Hata hivyo matumaini ya vijana ni makubwa. Mwaka 2021 vijana 854 wa JKT walisitishiwa mikataba baada ya kugoma wakidai ajira. Iwapo jeshi lenye matangazo ya wazi limefikwa na hayo, shule au shirika linalomwambia kijana "vumilia, nafasi ikitokea utafikiriwa" linapanda mgogoro. Kama ajira haipo, iandikwe kwamba haipo.

Kanuni ya nne ni utambulisho. Anayekuja kukaa kijijini aende kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisi ya mtendaji akiwa na barua, ili anapopata shida saa nane za usiku wawepo watu wanaomjua.

Akiwa kazini

Posho ya kujikimu si mshahara, lakini lazima itoshe kula, nauli, sabuni na kuwapigia simu wazazi. Itajwe kiasi chake na tarehe yake, na isicheleweshwe. Makazi yawe na mlango unaofungwa, maji, choo na neti, kwa kuwa kanda ya Ziwa ni eneo la malaria. Saa za kazi zisizidi zile ambazo sheria inamruhusu mfanyakazi wa kawaida: 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kabla ya saa za ziada.

Ajali inahitaji kufikiriwa mapema. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unawahusu waajiriwa. Asiye na mkataba wa ajira anaweza kubaki nje yake, kwa hiyo taasisi impe bima ya afya na kueleza kwa maandishi nani atalipia matibabu. Jambo hili ni zito zaidi penye machimbo. Anayejitolea kufundisha wachimbaji wadogo hesabu au huduma ya kwanza asiteremshwe shimoni, na asishike zebaki inayotumika kukamatia dhahabu.

Kila anayejitolea awe na msimamizi mmoja anayejulikana, wanaonana walau mara moja kwa wiki, na mtu wa pili wa kumwendea iwapo tatizo ni msimamizi mwenyewe. Hili linawalinda hasa mabinti, ambao wanaweza kutishwa kwamba watanyimwa barua ya mapendekezo. Watoto nao walindwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na kujitolea hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kukaa na mtoto faragha au kusambaza picha zake.

Yapo pia ambayo taasisi haipaswi kumwagiza: kupiga kampeni za chama, kulima shamba la mkuu wake, kuosha nguo za nyumba ya bosi. Pasipoti na vyeti vyake vya shule vibaki mikononi mwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza kazi ya kulazimishwa, na kujitolea kusiko na mlango wa kutokea kumekwisha kugeuka kuwa kazi ya namna hiyo.

Siku ya kuondoka

Muda ukiisha, taasisi inampa barua inayotaja tarehe, kazi alizofanya na stadi alizoonyesha, kwa ukweli usiopamba wala kukomoa. Vitendea kazi vinarudishwa kwa orodha, posho iliyobaki inalipwa, na kazi inakabidhiwa kwa mtu wa hapohapo ili isife. Barua hiyo haistahili kucheleweshwa hata siku moja, maana, ukiacha posho, ndiyo malipo pekee ambayo kijana ataondoka nayo.

Hakuna kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni karatasi, daftari la posho, chumba safi na mkuu anayetimiza neno lake. Taasisi isiyoweza kutoa hivyo vinne isubiri kwanza, na kijana aachwe kwao hadi itakapokuwa tayari kumpokea.