Kompyuta ya gemu: kipuri kuingia si kipuri kukubali

Oktoba 2017 Intel ilileta sokoni prosesa za kompyuta ya mezani za kizazi cha nane. Soketi yake iliitwa LGA1151, jina lile lile la kizazi cha sita na cha saba. Umbo halikubadilika, na pini zilikuwa 1,151 kama zamani. Mtu angeweza kuilaza prosesa mpya kwenye mazabodi ya zamani, akashusha kishikizo, kila kitu kikatulia mahali pake. Kisha akabonyeza kitufe, na kompyuta isiwake. Intel ilikuwa imebadilisha kazi za baadhi ya pini, zikiwemo za kupitisha umeme, na prosesa hizo zilidai mazabodi za mfululizo wa 300.

Kisa hicho kinaifafanua kazi ya kujiundia kompyuta ya gemu vizuri kuliko orodha yoyote ya bei. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa kuchagua ndiko kulima kwenyewe. Kukaza skrubu ni kazi ya jioni moja. Kuoanisha vipuri ndiko kunakotaka siku na subira.

AMD, mshindani wa Intel, ilikwenda njia nyingine, na inastahili sifa. Soketi ya AM4, iliyopokea prosesa za kwanza za Ryzen mwaka 2017, ilidumu hadi kupokea Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Aliyenunua mazabodi ya B450 mwaka 2018 aliweza kuchomoa prosesa yake na kupachika hiyo mpya bila kubadili kingine. Sharti ni kwamba BIOS, programu inayoiwasha mazabodi, isasishwe kwanza. Prosesa mpya juu ya BIOS ya zamani huacha skrini nyeusi huku feni zikizunguka, na mnunuzi hurudi dukani akiamini ameuziwa kitu kibovu.

RAM nayo ina mtego wake. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288. Kinachozitenga ni pengo dogo lililosogezwa kando. Pengo hilo limewekwa makusudi, na anayelazimisha huvunja. Soketi ya AM5 ya AMD hutumia DDR5 pekee, ilhali LGA1700 ya Intel huweza kutumia DDR4 au DDR5 kutegemea mazabodi. Kumtajia muuzaji jina la prosesa peke yake, basi, hakutoshi.

Afrika Mashariki suala hili la kuoanisha vipuri huja kwa sura yake. Vijana wengi hawaanzi na vipuri vipya. Huanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, aina ambayo Nairobi huitwa ex-UK, kisha huiongezea kadi ya grafiki. Ni njia nzuri ya kubana matumizi, lakini imejaa mashimo. Chukua Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013. Toleo lake la mnara lina pawa saplai ya wati 290. Kadi ya RTX 3060 peke yake hula hadi wati 170, na Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kompyuta nzima. Mtu atasema, basi tubadilishe pawa saplai. Hapo ndipo anapogundua kwamba mazabodi hiyo haina tundu la kawaida la pini 24; Dell iliweka la pini 8 la kwake, na bila adapta pawa saplai ya dukani haiingii.

Kwa mashine kama hiyo, kadi inayofaa ni ile inayotosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu la PCIe la mazabodi, mfano GTX 1650 isiyo na waya wa ziada. Mwenye toleo jembamba, lile la SFF, lazima pia atafute kadi yenye kimo kifupi. Radeon RX 6400 hutimiza yote mawili kwa wati 53, ila hutumia njia nne tu za PCIe 4.0. Kwenye mashine ya PCIe 3.0 njia hizo hupitisha nusu ya data, na baadhi ya gemu huanza kukwama.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani kabisa. Pawa saplai nyingi za kisasa zina waya zinazochomolewa, na upande unaoingia kwenye pawa saplai kila kampuni hupanga pini itakavyo. Waya wa kampuni moja huweza kuingia sawasawa kwenye pawa saplai ya nyingine na kuunguza diski papo hapo. Waya zisizojulikana zilikotoka zisitumike.

Kasha hupimwa kwa rula. RTX 4090 ya Nvidia yenyewe ina urefu wa milimita 304, na kipoozi cha Noctua NH-D15 kina kimo cha milimita 165. Nafasi iliyopo kwa kadi na kipoozi huandikwa kwenye maelezo ya kila kasha, na ni vyema isomwe kabla ya kuipenda rangi yake.

Msomaji unayejiandaa kununua, andika kwenye karatasi soketi, aina ya RAM, toleo la BIOS na wati, kabla hujauliza bei ya kadi ya grafiki. Ukifika dukani, mwombe muuzaji aiwashe mashine mbele yako mpaka BIOS ionekane kwenye skrini. Akikataa, nenda duka la pili.