Tunaogopa kwa moyo au kwa ubongo?

Kiswahili humpa mwenye wasiwasi tumbo joto, na mwenye hofu roho mkononi. Mwaka 1884 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alitoa hoja inayokaribiana na usemi huo: moyo haudundi kwa kuwa tumeogopa, bali tunaogopa kwa kuwa tumeuhisi ukidunda. Maumbile yanampa nguvu. Katika neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, mapafu na utumbo, takriban nyuzi 80 kati ya kila 100 hupandisha habari ubongoni. Zilizobaki ndizo huteremsha amri. Habari hizo hupitia shina la ubongo hadi insula, sehemu ya gamba la ubongo iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubavuni. Mwaka 2004 mtafiti wa ubongo Hugo Critchley na wenzake walionesha kwamba kadiri mtu anavyotambua vizuri mapigo ya moyo wake, ndivyo insula yake ya mbele upande wa kulia inavyofanya kazi zaidi.

Hata hivyo, mwanafiziolojia Walter Cannon aliiona kasoro ya hoja ya James mapema, mwaka 1927: moyo huenda mbio kwa hofu, kwa hasira, na hata kwa homa. Ishara ikiwa moja, hisia tofauti zatoka wapi? Jibu lenye mashiko ni kwamba ubongo hauyasomi mapigo peke yake, huyapima kwa mahali tulipo na kwa tunachotarajia. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2023, mioyo ya panya iliharakishwa kwa mwanga, bila kitisho chochote. Wasiwasi ulijitokeza pale tu mazingira yalipokuwa ya hatari, na insula ilipotulizwa, ukapungua.

Atakayepinga atasema panya hawezi kusimulia anachohisi, na ni kweli: kilichopimwa ni mwenendo wake. Tena mtaalamu wa neva Antonio Damasio na wenzake wameeleza mgonjwa aliyeharibikiwa na insula zote mbili, lakini akaendelea kuhisi maumivu na furaha. Basi insula si kiti pekee cha hisia. Shina la ubongo nalo lina fungu lake. Lakini pingamizi hizo haziugusi msingi: mwili huleta ushahidi, ubongo hutoa hukumu, na hukumu yaweza kukosea. Upungufu wa damu nao hukimbiza moyo, na mgonjwa akadhani ana hofu tu. Ndiyo maana anayelalamikia moyo kwenda mbio apimwe kwanza, kabla ya kuambiwa apunguze mawazo.