Liwali au Gavana? Msamiati wa Dola la Kirumi katika Tamthilia za Televisheni

Tamthilia za televisheni zihusuzo Roma ya kale zimetungwa kwa wingi katika lugha ya Kiingereza, na Warumi wake huzungumza kama Waingereza. Katika I, Claudius, iliyoonyeshwa na BBC mwaka 1976 kutokana na riwaya mbili za Robert Graves za mwaka 1934, kaizari na jamaa zake husema kwa lafudhi ya tabaka la juu. Katika Rome, iliyoonyeshwa kati ya 2005 na 2007, askari wa kawaida wamepewa lafudhi za mitaani. Mtazamaji Mwingereza hatambulishwi nani bwana na nani mtwana; masikio yake yamekwisha kumweleza.

Kiswahili hakina chombo hicho. Lahaja zake ni za mahali, si za matabaka. Kaizari akisema Kimvita na mtumwa wake akamjibu kwa Kimtang'ata, msikilizaji atafahamu kwamba mmoja ametoka Mombasa na mwenziwe pwani ya Tanga, basi. Kwa sababu hiyo, atakayetia sauti ya Kiswahili katika tamthilia ya namna hii hana budi kuutwika msamiati mzigo ambao Kiingereza huutwika lafudhi. Majina ya vyeo na majina ya hali za watu ndiyo yatakayobeba daraja, woga na dharau.

Mtongwe, upande wa Likoni, ni mahali pafaapo kuupimia msamiati huo. Mji huu umeelekeana na Kilindini, na umo ndani ya ule ukanda wa maili kumi ambao hadi mwaka 1963 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja, ingawa serikali ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kadhalika una kambi ya jeshi la wanamaji, iliyovuta watu wengi kutoka bara. Mbele ya televisheni moja yaweza kukaa masikio yaliyolelewa na Kimvita, mengine na Kidigo, na mengine na Kiswahili cha bara.

Tuanze na Pontio Pilato, ambaye wengi wamemwona katika Jesus of Nazareth, tamthilia ya televisheni ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1977. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 walimwita liwali, na mkuu wa askari mia wakamwita akida. Hawakubuni maneno. Waliyakuta pwani, yakiwa vyeo vya watu waliokuwa hai. Liwali wa Mombasa aliteuliwa na Sultani, na baada ya 1895 cheo chake kikaendelea chini ya ulinzi wa Kiingereza. Alihukumu, alipokea wageni, na juu yake daima palikuwa na mwingine. Jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961 limethibitisha kwamba cheo cha Pilato kilikuwa praefectus, yaani mtu aliyewekwa juu ya wengine. Liwali naye ni mtu wa kuwekwa. Ni nadra tafsiri kuangukia mahali pake hivi.

Ila wakati haukulisubiri neno. Cheo cha liwali kilikufa pamoja na mamlaka ya Sultani, na kijana wa leo wa Mtongwe hulisikia kanisani au katika masimulizi ya babu. Biblia Habari Njema ikachagua mkuu wa mkoa. Kwa Mtanzania uamuzi huo ni wa busara, maana mkuu wa mkoa wake bado huteuliwa na Rais. Kwa Mkenya, mikoa ya utawala iliondolewa na katiba ya 2010, na anayemjua mkuu wa mkoa ni mtu mzima.

Limebaki gavana, na hapa ndipo penye hatari. Kabla ya uhuru neno hili lilimtaja mwakilishi wa mfalme wa Uingereza, na kwa maana hiyo lingalimfaa Pilato barabara. Lakini tangu 2013 gavana nchini Kenya ni mtu aliyepigiwa kura na watu wa kaunti. Mtazamaji wa Mtongwe akimwona gavana amesimama ukumbini mbele ya umati unaopiga kelele, atamwona mwanasiasa anayehesabu kura. Onyesho halitampotea, litaeleweka, tena kwa urahisi, na maana itakayoeleweka si yake. Pilato hakuuogopa umati kwa sababu ungemnyima kiti. Aliogopa kushtakiwa kwa Kaisari aliyempa kiti hicho. Kosa ambalo msikilizaji halitambui ni baya kuliko neno asilolijua, maana neno asilolijua humfanya aulize. Kwa hiyo liwali na arudi, japo ni neno la kale. Na mtia sauti hatakosa kuona jambo dogo zaidi: liwali ni silabi tatu, nazo huenda sawa na midomo ya mwigizaji anayesema neno la Kiingereza, mkuu wa mkoa ni silabi saba.

Seneti ni tatizo la aina hiyo hiyo. Wakenya wana maseneta wa kuchaguliwa, kama walivyokuwa nao kati ya 1963 na 1966, ilhali senatus ya Kirumi ilitokana na neno senex, mzee. Baraza la wazee lina asili ile ile, na kwa watu wa Mombasa lina mfano: Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, ndio Thelatha Taifa, waliongozwa na wazee wao, wala hapana aliyewapigia kura. Kuhusu jina la nchi yenyewe, Rumi ya tendi ni Konstantinopoli. Katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alimtaja Herekali, mfalme wake, muda mrefu kabla ya Julius Nyerere kumsemesha Kiswahili Kaizari wa Shakespeare mwaka 1963. Yafaa Roma ishike nafasi ya mji wa Italia, na Warumi wabaki Warumi.

Mtihani mkubwa, hata hivyo, hauko barazani bali uani. Katika I, Claudius dola huendeshwa kwa kiasi kikubwa na Narcissus na Pallas, watu waliokuwa watumwa wakaachwa huru. Mtu asiyesikia daraja za utumwa hawezi kusikia kinachowachoma maseneta. Kiingereza husema mtumwa, na mtumwa aliyeachwa huru, kisha kikanyamaza. Kiswahili cha pwani kina zaidi: mateka, mjinga, ambaye zamani alikuwa mtumwa mgeni asiyejua desturi za pwani, mtwana, mjakazi, suria, mzalia, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, mjoli, mtumwa mwenziwe mtu, na mahuru, walioachwa huru. Mzalia ni verna wa Kilatini bila kupungua. Mjoli ni conservus. Hapana haja ya kubuni hata neno moja.

Utajiri huu una bei yake. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, na mji wa Freretown, ulioanzishwa mwaka 1875 upande wa Kisauni kwa ajili ya walioachwa huru, ungali na jina lake. Yapo maneno katika orodha hiyo ambayo bado ni matusi. Mjinga limekwisha kujificha ndani ya maana nyingine. Mzalia limesafishwa kabisa, hata leo mtu hujiita mzalia wa Mombasa kwa fahari. Na katika Likoni fahari hiyo si jambo dogo: katika machafuko yaliyoanza tarehe 13 Agosti 1997 watu wa bara walishambuliwa na kufukuzwa, na swali lilikuwa ni nani mzaliwa wa mahali na nani mgeni. Kaizari akimwita mtumishi wake mzalia, chumba cha Mtongwe kitasikia maana mbili zinazopingana, moja ya mwenyeji, moja ya mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mwingine.

Wapo watakaopendekeza mtumishi kila mahali, ili mtu asiumizwe. Pendekezo hilo lina huruma, lakini linamfanya Narcissus kuwa karani aliyepandishwa cheo, na chuki ya wakubwa wa Roma juu yake inakosa sababu. Lililo bora ni kuyatenga maneno kwa wasemaji. Msimulizi, ambaye katika I, Claudius ni Claudius mwenyewe akiandika uzeeni, na atumie mtumwa na mahuru, ambayo ni majina ya hali. Mzalia na mjinga yawekwe vinywani mwa wale wenye kudharau. Mjoli liachiwe watumwa peke yao, wanapoitana usiku mabwana wamelala.