Rahisi Inapogeuka Ghali: Kuchagua Katuni za Zamani kwa Mtoto Wako

Mwanangu wa miaka sita alimaliza sehemu ya pili ya The Transformers, akanigeukia: "Baba, Optimus Prime anauzwa wapi?" Sehemu ya tatu wala hakuiulizia. Swali lile lilinikalisha chini. Katuni nilikuwa nimeipata bure mtandaoni, nikajiona nimebana matumizi, kumbe nilichohesabu ni bando peke yake.

Wazazi wengi wa rika langu tunawarudishia watoto katuni za miaka ya 1970 na 1980 kwa sababu tunazijua na tulizipenda. Lakini hazifanani kwa gharama. Nimezilinganisha kwa vitu vitatu: bando zinalokula, njia ya kuzipata, na kile mtoto atakachoomba zikiisha. Hicho cha tatu ndicho kizito.

Zimetoka wapi?

Kundi la kwanza lilizaliwa dukani. Mattel walianza kuuza midoli ya Masters of the Universe mwaka 1982. Mwaka uliofuata studio ya Filmation ikaleta He-Man and the Masters of the Universe, sehemu 130. Hasbro nao walichukua midoli ya kampuni ya Takara ya Japani, magari yanayogeuka kuwa maroboti, wakayapa majina na hadithi mpya, na mwaka 1984 The Transformers ikaanza kuonyeshwa. Huko Marekani mtindo huu uliwahi kubanwa: mwaka 1969 malalamiko dhidi ya katuni ya magari ya Hot Wheels yalifika kwenye tume ya mawasiliano, FCC, nayo ikaona sehemu ya kipindi ni tangazo. Masharti yalipolegezwa mwaka 1984, katuni za midoli zikafurika. Sheria ya mwaka 1990 ndiyo iliyoweka kikomo cha matangazo kwenye vipindi vya watoto: dakika 10.5 kwa saa wikiendi na 12 siku za kazi.

Biashara ile iliingia hadi kwenye hadithi. Katika filamu ya The Transformers ya mwaka 1986, Optimus Prime na wenzake kadhaa wanauawa ili kupisha midoli mipya. Watoto walitoka sinema wakilia. Kama wako ni mwepesi wa kuumia, filamu hiyo isubiri.

Kundi la pili ni la michezo ya video. Pac-Man ya Hanna-Barbera ilitoka mwaka 1982. The Super Mario Bros. Super Show! ya mwaka 1989 ilikuwa na sehemu 65: siku nne za wiki hadithi za Mario, Ijumaa hadithi ya Zelda.

Kundi la tatu limetoka vitabuni, na hapa Wajapani ndio waliong'ara. Heidi ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Isao Takahata, inafuata kitabu cha Johanna Spyri wa Uswisi. Watayarishaji walisafiri hadi milima ya Alps kuona mazingira kwa macho yao. Mwaka 1975 akaja nyuki Maya, kutoka kitabu cha Mjerumani Waldemar Bonsels cha mwaka 1912. Mwaka 1980 akaja Nils Holgersson, mtoto mtundu anayegeuzwa kibeti na kuruka na mabata bukini juu ya Uswidi yote. Selma Lagerlöf aliandika kisa hicho kwa ombi la walimu waliotaka kitabu cha kufundishia jiografia. Kila moja kati ya hizi tatu ina sehemu 52.

Hesabu ya bando

Kwa kipimo cha Netflix, kutazama kwa ubora wa chini hula takriban GB 0.3 kwa saa, ubora wa kati GB 0.7, na HD hufika GB 3. Ukizitazama mwanzo hadi mwisho, hesabu inakaribia hivi:

Heidi: saa 21, GB 6 kwa ubora wa chini, GB 15 kwa ubora wa kati.
Super Mario: saa 24, GB 7 au 17.
The Transformers, sehemu 98: saa 36, GB 11 au 25.
He-Man: saa 48, GB 14 au 34.

Kwa HD, He-Man peke yake itameza zaidi ya GB 140. Katuni hizi zilitengenezwa kwa televisheni za enzi zile, na kwenye simu au tableti macho ya mtoto hayataona upungufu. Ingia kwenye mipangilio, weka ubora wa chini mwenyewe. Ukiacha programu ijichagulie, bando litakwisha hujafika sehemu ya kumi.

DVD au flashi?

DVD unainunua mara moja na mtoto anairudia apendavyo, lakini kuna mtego. Dada yangu anayeishi Marekani alitubebea boksi zima la DVD, tukakusanyika sebuleni, deki ikatuandikia kwamba diski si ya eneo hili. DVD za Marekani zina namba 1, za Ulaya namba 2, na sehemu kubwa ya Afrika iko namba 5. Kabla ndugu hajalipa, hakikisha deki yako inasoma namba zote. Kompyuta yenye sehemu ya diski inaweza kubadilishwa eneo, ila kwa kawaida mara tano tu, kisha inajifunga. Blu-ray ina nafuu: Uingereza na Afrika ziko kundi moja, B, kwa hiyo boksi la London litasoma kwenye mashine ya huku.

Kurushiwa kwenye flashi mtaani ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote. Siipendekezi. Ni kazi ya watu inayouzwa bila idhini yao, na mara nyingi sehemu zinakosekana katikati. Anza na chaneli rasmi za YouTube, maana baadhi ya wenye haki wameziweka hapo wenyewe.

Hakikisha na lugha. Heidi na Maya zilipendwa sana Ujerumani, Hispania na nchi za Kiarabu, na ni rahisi kuziangukia kwa lugha ambayo nyumbani kwako haisemwi.

Bili ya baadaye

Katuni ya midoli itakurudisha dukani. Wahusika ni wengi kwa makusudi, na kila mmoja ana gari lake na silaha yake. Kwenye mitumba utapata mdoli kwa bei nafuu, lakini chunguza: plastiki za miaka ile zimewahi kukutwa na madini ya risasi na kadimiamu, na vipande vidogo havimfai mtoto anayetia vitu mdomoni. Ya mchezo wa video inaweza kukugharimu zaidi, kwa kuwa atakachoomba ni mashine nzima.

Ya kitabu nayo itamfanya aombe, ila anachoomba hakina bei. Spyri, Lagerlöf na Bonsels wamefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita. Heidi na Nils kwa Kiingereza zinapakuliwa bure na kihalali kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg.

Uamuzi wangu

Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, chukua Maya. Wa sita hadi tisa, Heidi, kisha Nils. He-Man na The Transformers sizifungii mlango, kwani zina ushujaa na urafiki wa kweli, na He-Man humaliza kila sehemu kwa funzo. Zisubiri mtoto afikishe miaka minane, umri wa kuelewa ukimwambia: hii iliandikwa ili tununue midoli, na sisi tunatazama tu. Mario iwe ya mwisho, isipokuwa kama mashine tayari mnayo.

Kwangu tumeanza Heidi, kwa Kijerumani. Nasoma sura ya kitabu usiku, kesho yake natafsiri kwa sauti kama wafanyavyo mafundi wa kwenye vibanda umiza. Katika sehemu ya kwanza Heidi anapanda mlima akiwa amevalishwa nguo zake zote kwa mpigo. Joto linamzidi, anavua moja, ya pili, ya tatu, hadi anabaki mwepesi na kukimbilia mbuzi. Mwanangu alicheka hadi akakaa sakafuni. Ilipoisha akaniuliza, "Baba, babu yake atampokea?"

Nikafungua kitabu, tukasoma. Gharama yake ilikuwa dakika ishirini za usiku wangu.